Alhamisi Zangu na Baba Watoto

Wajukuu zangu wanasema sisi watu wa zamani hatukujua mapenzi, tulijua kulima na kuzaa tu. Mimi huguna na kuendelea kuchambua maharage yangu. Sina haja ya kubishana na mtu ambaye bado ananyonyesha mtoto wa kwanza. Lakini nikibaki peke yangu nakumbuka Alhamisi zetu, na hasira inanipanda, kisha huzuni, kisha zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, nikifundishwa na binti yangu mkubwa, kwa hiyo mwandiko ni mbaya lakini maneno ni yangu.

Ilikuwa enzi za Mdachi, kabla vita havijatufikia. Tulikaa mlimani, juu ya Kilakala, mahali ambapo asubuhi ukungu ukiondoka unauona mji wa Morogoro wote kule chini, na paa la mabati la stesheni likiwaka jua. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka sita ya ndoa na watoto watatu. Nyumba yetu ilikuwa msonge, na aliijenga yeye kwa mikono yake, tangu kukata miti mpaka kukandika udongo. Ila ardhi iliyokuwa chini ya nyumba ile haikuwa yake.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na msemaji wa yote hayo ni mjomba. Mwanamume akioa anakuja kwa mkewe, analima ardhi ya wakwe zake, na siku ndoa ikivunjika anachukua jembe lake na nguo zake anarudi kwa wajomba zake. Sisi tuliozaliwa ndani ya ukoo hatukuona ubaya wowote. Tungeuonaje? Mjomba wangu aliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, kama mtu anayeingia ghalani mwake, akachukua jembe au akafunua chungu kuona tunapika nini, na mimi nilimwambia tu, "Shikamoo, mjomba," nikaendelea na kazi. Mume wangu aliinuka kumpisha.

Kando ya ukuta wetu, upande wa jua, kulikuwa na chungu kilichovunjika mdomo, na ndani yake mche wa mchungwa. Mume wangu aliuotesha kwa mbegu ya chungwa tulilokula siku alipozaliwa mtoto wetu wa pili. Mche ulipotimiza mwaka alichukua jembe aupande mbele ya mlango, na mjomba akamkataza. Hakumkataza kwa ukali. Alisema tu kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hupanda mahindi, maharage na magimbi, vitu vya kuvunwa vikaisha. Mti wa kudumu hupandwa na mwenye ardhi, maana ukishika mizizi, aliyeupanda naye ameshika. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa napepeta mchele, na sikuinua uso. Mume wangu aliurudisha mche chunguni, na miaka mitatu ikapita akiumwagilia maji humo humo.

Basi mwaka ule, vuli ilipokwisha, akaja mtu kutoka upande wa Ngerengere, kwao mume wangu. Alileta habari mbili: mjomba wake mume wangu amefariki na ameshazikwa, na mashamba ya bondeni yanamngoja yeye, mpwa mkubwa. Akienda, atakuwa mwenye ardhi. Akibaki, atabaki kuwa mume wa mtu. Mimi ningeweza kumfuata, lakini watoto wasingeondoka, kwa sababu mjomba wangu asingekubali watoto wa ukoo wakakulie kwa watu wengine. Kwa hiyo ilikuwa nimpoteze mume au niwaache wanangu, na hakuna mtu aliyelisema hilo kwa mdomo.

Yeye mwenyewe hakusema naenda wala sitakwenda. Alinyamaza. Somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipokuwa mwali, alinifundisha la kufanya mume akikasirika: maji ya moto ya kuoga, udi, na kuufunga mdomo wangu, ambalo ndilo lililonishinda tangu siku ya kwanza. Hakunifundisha la kufanya mume asipokasirika. Huyu wangu alikula, akashukuru, akatoka kukaa karibu na chungu chake. Usiku nilimsikia akijigeuza.

Nikawaza kwa akili yangu ya ukaidi. Nikasema, kama ni kumshika, nitamshika kwa furaha. Alhamisi, mkesha wa Ijumaa, ni siku ya mke na mume. Nikaamua kwamba kila Alhamisi, kuanzia alasiri mpaka giza liingie, watoto watakwenda kwa bibi yao, na nyumba yetu itageuka kuwa kitu kingine. Kila wiki kitu kipya, nimpangie mimi, asijue mpaka afike mlangoni.

Mama yangu hakukanyaga kwangu mume wangu akiwa ndani, maana kwetu mwanamume na mama mkwe hawaangaliani usoni. Aliwapokea watoto njiani, akakohoa kwanza ili kama mkwewe yupo ajitenge.

"Kuna nini leo?" aliniuliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu, na umejipaka mafuta mpaka visigino?"

Alhamisi ya kwanza niliifanya nyumba kuwa gari la moshi. Mimi na yeye tulionana mara ya kwanza siku gari la kwanza lilipofika Morogoro. Sisi wa mlimani tuliteremka tangu alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani, na yeye alikuwa mmoja wa vijana waliobeba mataruma ya reli kutoka bondeni, amesimama kando na mabega yake yaliyochubuka, akijidai kana kwamba gari lile ni la baba yake. Basi nilipanga vigoda viwili, kimoja nyuma ya kingine, nikaweka kinu mbele kiwe kichwa cha gari, na ndani ya kinu nikaweka kaa la moto na majani mabichi ili kitoe moshi. Alipoingia kutoka shamba alikuta nyumba nzima imejaa moshi na mke wake amekaa kwenye kigoda cha nyuma, amefunga kanga mpya, na kapu la ndizi mbivu mapajani.

"Mama watoto, nyumba inaungua!"

"Panda, bwana, gari linaondoka."

Alisimama akanitazama. Kisha akapanda. Tulikaa pale tukikohoa mpaka machozi yakatutoka, na akaanza kunionyesha vituo kwa kidole, hapa ni Ngerengere, hapa tulilala mvua mwezi mzima, hapa mwenzetu aliangukiwa na taruma. Hakuwahi kuniambia hilo la mwenzake. Miaka sita, na sikuwahi kuuliza. Tulikula ndizi zote, watoto waliporudi wakakuta maganda.

Alhamisi ya pili nilifanya baraza. Yeye alikuwa akida, mwamuzi wa serikali ya Mdachi, nikamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamfunga kilemba kwa kaniki yangu. Mimi nilikuwa mshitaki. Nilipiga magoti nikamshitaki mume wangu kwamba amenyamaza tangu vuli, kwamba anamwagilia mti zaidi ya anavyozungumza na mkewe, na kwamba anakoroma. Akida alisikiliza kwa uso mkavu. Kuhusu kukoroma alisema hakuna shahidi. Kuhusu mti alisema shauri hilo limeahirishwa. Kuhusu kunyamaza aliamuru mshitakiwa amenyee mkewe muwa mzima, pingili kwa pingili, na akaanza kazi palepale. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilimwona mume wangu akicheka na nikasema moyoni, huyu haendi popote. Nilijiona mjanja sana.

Alhamisi ya tatu ndipo nilipoharibu.

Nilitaka kumheshimu, na kwa watu wetu hakuna anayeheshimiwa kama mgeni. Mgeni huchinjiwa, mgeni hutandikiwa mkeka mpya, mgeni hunawishwa mikono. Nikasema leo baba watoto atakuwa mgeni wangu. Nilichinja kuku. Nilikwenda kwa mjomba kuazima kile kigoda chake kizuri cha mpingo ambacho watu hukikalia kwa nadra. Nilitandika mkeka karibu na mlango, maana mgeni hukaa karibu na mlango, nikachoma udi, nikamtuma mtoto kabla hajaenda kwa bibi akamwambie baba yake leo asiingie bila hodi.

Alikuja. Alikuwa ameoga mtoni na anatabasamu, nataka hilo lijulikane. Alisimama nje akabisha.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni, karibu ndani."

Nilimpokea jembe kwa mikono miwili. Nilimkalisha kwenye kigoda cha mjomba, nikammwagia maji mikononi, nikapiga magoti mbele yake kwa adabu zote nilizofundwa, nikaanza kumsalimu kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka mbali.

"Habari za safari? Kwenu hawajambo? Wazee wa huko hawajambo?"

Alijibu ya kwanza. Ya pili hakujibu. Na mimi, kwa ule mdomo wangu ulionishinda kufunga, nikaendelea na mchezo, nikauliza swali ambalo kila mwenyeji humuuliza mgeni:

"Umekuja kwetu kwa siku ngapi?"

Alitazama mikono yake iliyokuwa bado na maji. Alikitazama kigoda alichokalia, na akajua ni cha nani. Aliinuka, akakaa chini kwenye udongo.

"Hata wewe," alisema.

"Baba watoto, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Umeucheza vizuri kwa sababu umeuzoea." Hakupandisha sauti. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Mjomba wako anaingia humu bila hodi, mimi nasimama. Watoto hawa nimewabeba mgongoni, lakini nikiondoka kesho naondoka na jembe. Mti mmoja, mke wangu. Mti mmoja siwezi kuutia ardhini. Nilidhani ndani ya mlango huu, wewe na mimi, kuna mahali ambapo mimi si mgeni. Kumbe ugeni huohuo ndio ulionipangia jioni nzima."

Nilitamani ardhi inimeze, ardhi hiyohiyo ya ukoo wangu. Yule kuku hakuliwa. Asubuhi alifunga nguo zake kwenye kitambaa. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kwao kuwapa pole. Nilimuuliza kama atarudi.

"Uangalie huo mchungwa usikauke," alijibu, akateremka mlima.

Siku mbili nililia. Ya tatu nilichoka kulia nikashikwa na hasira, na hasira siku zote imenisaidia kuliko machozi. Nilikwenda kwa mjomba. Nilimrudishia kigoda chake, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini.

"Mjomba, nataka mume wangu apande ule mti."

"Mti hupandwa na mwenye ardhi. Panda wewe, mkono wako hauna tatizo."

"Nataka apande yeye."

"Akishapanda, kesho atasema hapa ni pake."

"Na aseme! Wanaokula machungwa yake watakuwa nani? Si watoto wa ukoo wako? Mjomba, nimekuheshimu tangu sijajua kutembea, lakini nakuambia: mti ule usipotiwa ardhini kwa mkono wake, mimi namfuata Ngerengere, na watoto nawaacha mlangoni kwako. Utawapikia wewe."

Sikuwahi kumwambia mtu mkubwa maneno ya namna ile, na mpaka leo sijui kama ningeyatimiza. Mjomba alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho mekundu kwa moshi, na hakuwa mtu mbaya. Aliokota kigoda chake akakipangusa, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Kuna njia ya juu ya kwenda shamba," alisema mwishowe. "Kwa siku chache nitapita huko. Nisichokiona sikijui."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata, na niliichukua.

Mume wangu alirudi Jumatano jioni, miguu imejaa vumbi. Hakuniambia alichozungumza na watu wake. Aliwabeba watoto, akaenda kuutazama mchungwa, akaona udongo wake umelowa. Nami sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza walau kitu kimoja.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilimwomba abaki nyumbani alasiri ile, aketi ndani. Kisha nikachukua mzigo wa kuni, nikateremka mpaka mtoni, nikarudi polepole kama mtu aliyetembea kutwa. Nilisimama mbele ya mlango ambao nilikuwa nimeuingia na kuutoka miaka sita bila kufikiri.

"Hodi," nilisema.

Niliuweka vizuri mzigo wa kuni kichwani.

"Hodi humu ndani."

"Nani?"

"Ni mimi. Mtu wa njiani. Naomba mahali pa kukaa, kama mwenye nyumba ataniruhusu."

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Hodi hubishwa mara tatu. Ukibisha ya tatu usiitikiwe, unaondoka, hata kama unaona moshi. Nilibisha ya tatu kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo tena.

"Karibu," alisema. "Karibu nyumbani kwangu."

Alinipokea kuni. Alinipa kigoda, chetu kile kibovu, yeye akakaa kwenye mkeka. Alinimwagia maji mikononi, akanisalimu, akaniuliza kwetu hawajambo, nikamwambia huko nilikotoka hawajambo ila hawajui kukaribisha watu. Hapo alicheka kidogo, akafuta macho kwa kiganja. Nikamshika mkono nikampeleka nje, nikamwonyesha shimo nililolichimba asubuhi nyuma ya kichaka cha mrehani, lenye kina cha kufika gotini, na samadi chini yake.

"Mjomba?"

"Mjomba anapita njia ya juu."

Alivunja chungu kwa jiwe. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo mpaka ikachukua umbo la chungu. Aliikunjua kwa vidole, taratibu, akaupanda mti kabla ya adhana ya magharibi. Usiku ule aliniambia kwamba mashamba ya Ngerengere amemwachia mdogo wake.

Baada ya hapo tuliendelea na Alhamisi zetu karibu miaka miwili. Tulicheza harusi, tulicheza uzee, tulicheza soko. Lakini kila mara tulianza vilevile: mimi nje, yeye ndani, hodi, karibu. Hata watoto waliijua, wakaenda kwa bibi yao bila kusukumwa.

Halafu vita vikapanda mlima. Wadachi walikuwa wanarudi nyuma, na jeshi linalorudi nyuma linataka mabega. Askari walikuja na kamba wakachukua kila mwanamume aliyeweza kusimama, kubeba mizigo kwenda kusini. Mume wangu walimkuta shambani, kwenye maharage ya ukoo wangu. Mimi nilikuwa mtoni. Nilipofika nilikuta jembe lake.

Mmoja tu wa kijijini kwetu alirudi, na aliniambia walimwacha njiani upande wa Rufiji, tumbo la kuhara, hawezi kuinuka. Hakujua kama kuna aliyemzika. Mdogo wake wa Ngerengere alikimbilia porini na wenzake, askari walipofika kwao, akapona, akazeeka juu ya yale mashamba. Sijawahi kumchukia. Lakini sidanganyi: nilipigana kumshika mume wangu mlimani, nikashinda, na ni hapo nilipomshikia ndipo walipomkuta. Hilo nimekaa nalo maisha yangu yote, na hakuna aliyeweza kunitolea, hata wale wanaosema ni kudra.

Wiki chache baada ya habari ile, nilikuwa ndani alasiri, nimekaa kwenye kile kigoda kibovu. Nilisikia hatua nje, zikasimama karibu na mchungwa, ambao wakati ule ulikuwa umefika kifuani. Kisha nikasikia sauti ya mjomba wangu, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akibisha kwenye mlango wetu.

"Hodi," alisema.

Nilifungua mdomo niitikie, nikaufunga. Karibu ya nyumba ile haikuwa yangu kuitoa.

"Hodi," alisema tena, kwa sauti ya mtu mzima anayejitahidi.

Nilikaa nikaushika mdomo wangu kwa kanga, mdomo huu ulioshindwa kunyamaza maisha yote. Alibisha ya tatu. Alingoja. Kisha nikamsikia akiondoka, taratibu, kwa njia ya juu.